Kutoka gitaa la besi hadi dabo besi: ushike vipi, ufundishe vipi, ule vipi

Msomaji wa Kisauni ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, na huu mwaka wa tano napiga gitaa la besi kwenye bendi ya hoteli huko Nyali na kwenye harusi. Shule moja imeniuzia dabo besi la plaiwudi, ukubwa wa robo tatu, lililokuwa limewekwa stoo miaka mingi. Nataka kulijua sawasawa, halafu nifundishe watoto. Mtandaoni wengine wanasema fuata njia ya mwalimu Simandl, wengine ya Rabbath. Mkono wa kushoto unaniuma, na upinde unakwaruza tu. Na je, ala hii yaweza kunilisha hapa Mombasa?"

Marahaba, kaka. Nianze na swali la mwisho, maana jibu lake ndilo litakuonyesha ujifunze vipi.

Kupiga dabo besi, ile ala kubwa kama fidla inayopigwa imesimama, peke yake hakutakulisha Mombasa. Lakini angalia hata wenye majina makubwa kwenye ala hii, wengi hawakula kwa kupiga tu. Giovanni Bottesini, Mwitaliano aliyesifika karne ya 19 kuliko mpigaji besi yeyote wa wakati wake, alikuwa kondakta pia. Ndiye aliyeongoza opera ya Aida ilipopigwa mara ya kwanza Cairo, Desemba 24, 1871. Serge Koussevitzky alianza na besi huko Urusi, akaja kuongoza okestra ya Boston kuanzia 1924 hadi 1949. Upande wa jazi, Ron Carter alifundisha miaka mingi City College ya New York huku akirekodi na kila mtu, na Rufus Reid alitoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1974, kisha akafundisha chuo kikuu cha William Paterson. Na Chi-chi Nwanoku wa London, ambaye baba yake ni Mnigeria, alishika besi akiwa na miaka 18, baada ya jeraha la goti kumkatizia riadha. Akawa mwalimu Royal Academy of Music, na mwaka 2015 akaanzisha okestra ya Chineke!. Kwa hivyo miaka 24 si kuchelewa.

Hapa kwetu hesabu ni hivi: hoteli na harusi zikupe pesa ya usiku, wanafunzi wakupe pesa ya mwezi, na kujua kulitunza besi lako kukuepushe kupoteza kazi kwa sababu ya ufa mmoja. Mbili za kwanza zinategemea upinde. Anayepiga kwa vidole peke yake anaweza kuficha noti iliyo chini kidogo au juu kidogo, maana sauti inakufa upesi. Upinde unaishikilia noti sekunde nne mbele ya masikio ya watu, na hapo huna pa kujificha. Ukiweza kusikia kosa lako kwa upinde, utaweza kulisikia la mtoto. Ndiyo maana nakushauri miezi sita ya kwanza theluthi mbili za mazoezi ziwe za upinde, hata kama kazi zako zote ni za kudonoa.

Kabla ya hapo, likague besi lenyewe. Robo tatu isikutie hofu, ndiyo saizi ya kawaida ya mtu mzima duniani kote. Na kuwa la plaiwudi ni bahati kwako. Mbao za kuchonga hunywa unyevu wa Pwani na kupasuka zikiingia kwenye baridi ya AC ya hoteli. Plaiwudi huvumilia zaidi. Zunguka ukingo wote ukigonga kwa kifundo cha kidole, juu na chini. Pakitoa sauti kavu ya kukatika, kama kigae kilichobanduka, pale gundi imeachia. Usitie gundi nyeupe ya seremala wala supagluu. Viungo vya besi hugundishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili mbao zikivuta ziachie kwenye kiungo badala ya kupasuka katikati, na fundi aweze kurudisha. Ukitia supagluu, mara ijayo utakaopasuka ni ubao.

Chungulia ndani kupitia tundu la upande wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote. Utaona kijiti cha mviringo kimesimama kati ya kifuniko (ubao wa mbele) na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Hakikugundishwa; kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Kwa hivyo nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Ukizilegeza zote pamoja kijiti chaweza kuanguka, na kukisimamisha tena ni kazi ya fundi mwenye chombo maalumu. Daraja nalo litazame kwa ubavu: upande unaoelekea chini ya besi usimame wima kabisa juu ya kifuniko. Kila unapokaza nyuzi kichwa cha daraja huvutwa kuelekea shingo, na wengi hawaoni mpaka siku linapoanguka na kupiga kifuniko. Lirudishe kwa mikono miwili, kidogo kidogo, baada ya kukaza.

Sasa maumivu yako. Chukua rula upime kutoka mwisho wa ubao wa vidole hadi chini ya uzi. Kwa kazi zako, uzi wa G ukiwa karibu milimita 6 na wa E karibu 9, uko pazuri. Besi lililokaa stoo mara nyingi limepanda hadi 12 au zaidi, na hapo hata mkono wa chuma utauma. Kama daraja lina magurudumu ya kurekebisha, shusha kwa zamu pande zote mbili, nyuzi zikiwa zimelegezwa kiasi. Kama halina, fundi alipunguze kwa juu. Usilipige msasa mwenyewe, maana mgongo wa daraja lazima ufuate mviringo wa ubao, la sivyo upinde utagusa nyuzi mbili kwa pamoja.

Sababu ya pili ya maumivu ni desturi uliyotoka nayo kwenye gitaa. Kwenye gitaa umezoea kidole kimoja kila freti. Uzi wa dabo besi una urefu wa karibu sentimita 105, wakati wa gitaa la besi ni 86. Ukilazimisha vidole vinne kwa nusu toni nne kule chini, mkono unafunguka karibu sentimita 16, na mshipa wa gumba ndio unaolipa. Simandl alilitatua hilo kwa namna nyepesi: kidole cha kwanza, cha pili na cha nne ndivyo vinavyotumika, cha tatu kinamsaidia cha nne kukandamiza, na kutoka cha kwanza hadi cha nne ni toni moja tu. Hapo mkono unafunguka karibu sentimita 11. Ukitaka noti zaidi, sogeza mkono wote, gumba likifuata nyuma ya kidole cha pili. Na usibane kwa gumba. Jaribu hivi: piga noti huku gumba limeinuliwa kabisa kutoka shingoni. Uzito wa mkono unaoning'inia kutoka begani unatosha kukandamiza uzi. Gumba linaelekeza tu.

Ndio tufike kwa Simandl na Rabbath, maana watu wanavutana bure. Franz Simandl aliishi 1840 hadi 1912, akafundisha Vienna, na kitabu chake kinagawa shingo katika hatua nyingi fupi zenye umbo moja la mkono. Nguvu yake ni usafi wa noti za chini. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima nusu ya chini ya shingo akipiga mazoezi makavu, akaogopa kupanda. François Rabbath alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1931, akajifunza mwenyewe kwa kitabu cha Mfaransa Édouard Nanny kabla ya kuhamia Paris. Yeye anagawa ubao wote katika nafasi sita tu, na mkono hugeuka kwa kuegemea gumba badala ya kuhama kila mara. Alama zake ni haramoniki, zile noti unazopata kwa kugusa uzi bila kuukandamiza: kwenye robo ya uzi (sentimita 26 kutoka juu), theluthi (35) na nusu (52 na nusu). Hizo zipo kwenye kila besi, hata gizani jukwaani.

Wewe chukua umbo la mkono la Simandl kwa miezi minane hadi kumi, kwa sababu lazima kwanza uvunje umbo la gitaa. Lakini tangu wiki ya kwanza cheza haramoniki za Rabbath juu kwa dakika tano kila siku ili usiuogope ubao wa juu. Kitabu cha Simandl hakimiliki yake ilishakwisha na kinapatikana bure mtandaoni. Kwa watoto mambo ni tofauti, nitafika.

Upinde unakwaruza kwa sababu tatu, na unaweza kuzitenganisha kwa dakika moja. Ukitoa filimbi nyembamba kabla ya noti, unakwenda mbio kuliko uzito uliouweka. Ukitoa sauti ya kusagika, umebana na uzito hauna mwendo. Ukiteleza tu bila sauti, ama nywele za upinde hazina rozini (utomvu mkavu unaopakwa ili zishike uzi), ama upinde umekatiza uzi kwa mshazari. Simama mbele ya kioo: upinde uwe sambamba na daraja kutoka mwanzo hadi mwisho, umbali wa vidole vinne hivi kutoka darajani. Kwenye uzi wa E nenda polepole zaidi na uzito zaidi kuliko G, maana uzi mzito huchukua muda kuamka. Zoezi ni hili: metronomu (kipima mapigo) kwenye 60 kwa dakika, uzi mtupu, mapigo manane kwenda na manane kurudi, mara kumi kila uzi. Inachosha masikio, na ndilo zoezi lenye faida kuliko yote.

Rozini ya besi si ya fidla. Ni laini na inanata zaidi. Zile laini kabisa zimetengenezwa kwa nchi za baridi, na hapa ukiiacha ndani ya gari mchana utakuta imemiminika kama asali. Nunua iliyo ngumu kidogo, paka mara mbili tatu kwa mwelekeo mmoja, weka kopo likiwa wima. Legeza nywele kila unapomaliza. Baada ya kazi futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana hewa ya chumvi na jasho la vidole hula chuma. Upinde wa Kifaransa hushikwa kutoka juu, wa Kijerumani kutoka ubavuni kiganja kikiwa chini. Vyote vinapiga sawa. Ukipanga kufundisha pamoja na walimu wa fidla na selo, wa Kifaransa utarahisisha lugha ya pamoja. Ukishachagua usihamehame.

Kufundisha kwenyewe ndiko ninakotaka ukae zaidi. Kosa la mwalimu mpya ni kumpa mtoto noti za karatasi siku ya kwanza. Mtoto wa Mombasa anakuja na sikio tayari: kaimba kasida au kwaya, amesikia akodiani ya harusi tangu tumboni. George Vance wa Marekani alijenga mfuatano wa nyimbo kwa watoto akiunganisha nafasi za Rabbath na njia ya kujifunza kwa sikio kwanza, kusoma baadaye. Huo ndio mwelekeo ninaokupendekezea. Tumia do-re-mi, kwa sababu kwaya nyingi wanaijua, halafu majina ya herufi yaje baada ya miezi mitatu.

Hutakuwa na besi dogo la robo wala la nusu, najua. Mpandishe mtoto wa miaka kumi juu ya kijukwaa kigumu kisichotikisika, lalisha besi kidogo limwegemee tumboni upande wa kushoto, na mwache aachie mikono yote: besi likibaki limesimama, amesimama sawa. Sasa usimwanzishe kule juu ya shingo ambako nusu toni moja ni karibu sentimita 6. Mwanzishe pale shingo inapokutana na mwili. Gumba lake likikaa kwenye pembe ya kisigino cha shingo, kidole cha kwanza kwenye mabesi mengi kinaangukia D au karibu yake juu ya uzi wa G, na pale nusu toni ni karibu sentimita 4. Mkono wa mtoto unaweza. Pia haramoniki ya theluthi iko hapo hapo, ikimwambia mara moja kama yuko sawa: aguse, asikie D safi, kisha akandamize palepale na afananishe. Nusu saa ya kwanza iwe hiyo tu: kusimama dakika tano, kudonoa uzi mtupu huku mwalimu anaimba wimbo anaoujua dakika kumi, haramoniki dakika kumi, na mwisho aimbe mwenyewe besi ya wimbo kwa "dum" bila kushika chochote.

Alama za karatasi ya kunata kwenye ubao ziwe tatu, zisizidi, na zitolewe baada ya miezi mitatu. Mtoto akizizoea atapiga kwa macho, na siku nyuzi zimebadilika toni kwa joto atapiga vibaya bila kujua.

Wakiwa sita na besi moja, usiwaweke foleni. Tengeneza sanduku lile la kidumbak, muziki wa harusi wa Zanzibar: sanduku la mbao lililofunikwa, uzi mmoja unaotoka katikati yake hadi kichwa cha fimbo iliyosimama ukingoni. Ukivuta fimbo, noti inapanda. Mmoja apige besi, mmoja sanduku, wanne wapige makofi na kuimba, wabadilishane kila dakika tano. Sanduku halina alama yoyote, kwa hivyo linafundisha sikio kuliko ubao wowote.

Jambo moja ambalo gitaa lako halikuweza na besi hili linaweza, na ndiko kazi ya taarab ilipo. Freti hukata toni kwa nusu, wakati maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) kama bayati na rasti yana noti zilizo katikati ya nusu. Chukua bayati ya D. Ile E yake haiko kwenye E wala E ya kushuka. Juu ya uzi wa D, E iko sentimita 11 na nusu kutoka juu, E ya kushuka karibu 6. Noti unayoitaka iko karibu 8.7. Kidole kikae hapo, upinde mrefu, na mwenye udi apige noti hiyo hiyo. Kila mwenye udi ana mahali pake pa kuiweka, juu kidogo au chini kidogo, nawe umfuate yeye, si rula. Mara nyingi besi litakaa kwenye D, G na A likishika mdundo, lakini pale linapofuata kiitikio pamoja na fidla, noti hiyo ikikosewa kila mzee barazani atageuza shingo.

Kwa vyeti: mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, inafanywa Kenya na ina gredi za dabo besi, 1 hadi 8. Kuanzia gredi 6 sharti uwe umepita nadharia ya gredi 5 au kinachokubaliwa badala yake, kwa hivyo anza nadharia sasa. Kwa mzazi, gredi 5 ya upigaji ni hoja nzuri. Kwa shule za binafsi, 8 hufungua mlango. Kuajiriwa kama mwalimu wa darasani ni lazima usajiliwe na TSC, tume ya walimu ya Kenya, na hiyo inataka masomo ya ualimu, mfano idara ya muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukitaka kuonja okestra, Nairobi iko mbele, ingawa usitegemee mshahara huko. Wengi wanapiga kwa mapenzi. Ada ya wanafunzi ichukuliwe mwanzo wa mwezi kwa masomo manne, si somo kwa somo, la sivyo mvua moja ya Mei itakula nauli yako.

Kazini hotelini, pikapu (kinasa sauti cha besi) isichomekwe moja kwa moja kwenye mixa. Pikapu ya daraja inahitaji preampu (kikuza sauti cha awali) yenye ukinzani wa megaohm 1 au zaidi. Bila hiyo sauti inakuwa nyembamba kama redio ndogo, na utalaumu besi bure. Fika dakika 40 mapema, lifungue kwenye chumba cha onyesho lakini mbali na mdomo wa AC, litulie ndipo utune. Tuktuk haifai. Probox viti vikilala inalichukua: kichwa kitangulie mbele, lilale ubavu, nyuzi zisielekee mlango, kamwe lisilale juu ya daraja. Kwenye feri ya Likoni liache ndani ya gari, dirisha wazi kidogo.

Nyuzi mpya ni ghali, kwa hivyo ukibadilisha zile za zamani zisafishe, zikunje kwa duara pana na uziweke kwenye mfuko wa besi zikiwa na alama za E, A, D na G. G ndio hukatika kwanza, na aghalabu hukatika Ijumaa jioni, harusi ikiwa kesho.